Mkwe wa Dalmas

"Uza hiyo pikipiki ya mbio, Nzuki, nunua ya abiria!" Watu wa mtaani kwake, Gatina, walimchosha. Aliinunua kwa bei ya mtumba, akapenda silinda zake mbili zilizotanuka kama V na mngurumo wake wa ngoma.

Vurugu za uchaguzi zilipozuka, pikipiki ilikuwa mtaa wa Makina kwa fundi wake, Dalmas, imefunguliwa injini. Viongozi walipopatana, Nzuki alikwenda huko kwa miguu, ameshakata tamaa ya kuipata.

Injini aliikuta kitandani kwa Dalmas, imefunikwa blanketi. Vijana wa Kijaluo walipokuja kupora, Akeyo, mke wa Dalmas, aliwafokea akionyesha kitanda: "Huyo ni mama yangu!" Mjaluo hakaribii kitanda cha mama mkwe, hata akiwa mkwe wa Mjaluo mwenzake; walitoka kinyumenyume.

Nzuki na Dalmas waliiunga pikipiki upya, ikawaka.

"Miezi miwili nimelala sakafuni kwa ajili ya mama," Akeyo alisema. "Thubutu kumuuza!"