Kopo la Mama Mkwe

Asubuhi bado mbichi, na dirisha la maabara ya hospitali tayari lina foleni. Kila aliyejipanga ameficha mkono mmoja: ndani ya mkoba, chini ya mtandio, ndani ya gazeti la jana. Mwanamume wa makamo aliye upande wa pili anapokea vikopo bila kuinua macho.

"Ukimtazama mtu usoni saa hiyo," anasema, "anakumbuka ghafla kwamba ana safari."

Wenzake humwita Bwana Vikopo. Hupaka mkojo kidogo kwenye kisahani chenye chakula cha bakteria, hukifungia kwenye kabati la joto, na kesho yake husoma kilichoota. Anaowafahamu zaidi ni Enterokokasi, jamii ya bakteria wanaoishi matumboni mwetu sote, waheshimiwa wakiwemo, bila kumkera mtu. Wakihamia kwenye kibofu huleta maradhi. Wakiachwa huko hupanda hadi kwenye figo, na wakiingia kwenye damu huweza kuushika moyo.

Mwaka huu walihamia kwa mama mkwe wake.

Mama huyo, mjane na fundi cherehani, alikuwa amekuja kukaa kwa binti yake akiwa na homa na maumivu ya mgongo. Daktari alimwanzishia sindano wanazopewa wengi, akaagiza mkojo upimwe. Mgonjwa akaendelea kutetemeka hadi kitanda kikalia.

Kopo lilipofika maabara, Bwana Vikopo aliotesha, akasubiri, akafungua kabati. Kisahani kitupu. Hata kwenye darubini hapakuonekana dalili ya usaha. Mkojo ule ulikuwa na afya ya kuombea kazi jeshini. Daktari akaanza kutafuta ugonjwa mwingine, na mama akazidi kudhoofika.

Jioni Bwana Vikopo alimfuata mkewe jikoni, akamkuta anasugua sufuria iliyokwisha kung'aa.

"Mkojo ule ni wa nani?"

"Wa mama."

"Mama yupi?"

Mkewe akaiweka sufuria chini. "Kwani mimi si mama?"

Ndipo ikajulikana kwamba mama mkwe alikuwa ameapa: afadhali afe na siri yake kuliko mkwe auchungulie mkojo wake kwa darubini. Mtu aliyemkabidhi binti kwa heshima zote, leo amkabidhi na kopo? Binti akabembeleza, akashindwa, akalijaza yeye.

"Kosa ni langu," anasema Bwana Vikopo. "Kopo nilimpelekea kwa mkono wangu mwenyewe, nikidhani namfanyia upendeleo."

Kesho yake alimwomba mwenzake wa kike ampelekee mama kopo jingine, lenye namba tu, na asimwambie yeye ni namba gani. Likaja pamoja na mengine. Akayafanyia kazi yote bila kuuliza.

Kisahani kimoja kikaota Enterokokasi. Akawapandikiza upya, akaweka juu yao vikaratasi vyenye dawa mbalimbali, aone ipi itawazuia. Kuzunguka kikaratasi chenye dawa ya zile sindano, bakteria walikuwa wameota hadi ukingoni. Dawa za kundi hilo hazijawahi kuwasumbua. Kuzunguka ampisilini, dawa ya zamani, palikuwa peupe, hakuna kilichoota.

"Nyumbani nilijua ni cha nani," anasema. "Kazini sikujua."

Daktari akabadilisha dawa. Homa ikashuka, na baada ya siku chache mama aliomba chai, kisha akalalamika kwamba sukari haitoshi. Mkwe aliporudi kutoka kazini walisalimiana kama kawaida, kila mmoja akiangalia sakafu. Habari za kibofu hazikutajwa na hazitatajwa.

Sasa Bwana Vikopo anataka dirisha lile liondolewe. Pawekwe rafu ukutani na kengele: mgonjwa aweke kopo, agonge, aende zake, asionwe na mtu. Wakubwa wamekubali, na seremala amekwisha kupima ukuta.

Mama mkwe, ambaye rasmi hajui lolote kuhusu mkojo, ameshona pazia la rafu hiyo, zito, la tabaka mbili. Alilituma kupitia binti yake.

"Mwambie mkwe wangu," alisema, "hili halionyeshi kitu."