Matone ya Asili kutoka Mnadani

Juzi nilikuwa zahanati Handeni alipoingia mama amembeba binti yake mdogo, macho ya mtoto mekundu, yamevimba hadi kope zimeshikana.

"Umemwekea nini?" nesi akauliza.

Mama akatoa kichupa. "Matone ya asali na mshubiri, dada. Nilinunua mnadani. Muuzaji alisema ni ya asili, hayana madhara."

Nesi akayaosha yale macho kwa maji safi, akawasha tochi, akaisogeza polepole. Benchi zima tukainua shingo kutazama. Mama aling'ata upindo wa kanga.

Mtoto akanyoosha mkono kuidaka tochi.

"Anaona," nesi akasema. "Lakini mpeleke hospitali ya wilaya leo hii."

Mama akaketi sakafuni, akamkumbatia binti yake.

Mzee aliyeketi kando yangu benchini akaninong'oneza, "Alisema mnada upi? Na mimi macho yananiwasha."

Nikamwelekeza kwa nesi.