Mzee Aliyejitwalia Riwaya Yangu

Nilimpelekea yule mzee mswada wangu nyumbani kwake, ndani ya bahasha ya kaki. Alikuwa mwandishi mkongwe, mtu pekee wa hapa Mwanza ambaye jina lake nilikuwa nimelisikia redioni tangu niko shule ya msingi. Mimi nilikuwa mwalimu wa Kiswahili katika sekondari moja ya Ilemela. Kwa miaka minne nilikuwa nikiamka kabla ya adhana kuandika riwaya kuhusu mkunga wa Sengerema, na sikuwa na mtu wa kunisomea.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Weka hapo," akasema, akinionyesha meza iliyojaa vikombe.

Ilipita miezi minane. Nilimpigia simu nikachoka. Mwishowe nikaufuata mswada mwenyewe, naye akanirudishia mlangoni, hata ndani hakunikaribisha. Ukurasa wa kwanza ulikuwa na duara la kahawia la kikombe cha chai. Kurasa nyingine zote zilikuwa safi, zimeshikana vilevile kama zilivyotoka steshenari.

"Mambo ya wakunga hayana wasomaji, binti," alisema. "Wewe si mwalimu? Andika vile vitabu vya maswali na majibu, vya kidato cha nne. Hivyo vinatembea."

Nikashuka kilima cha nyumbani kwake kati ya mawe, namtukana kimoyomoyo mpaka barabarani.

Riwaya ilitoka miaka mitatu baadaye, kwa mchapishaji mdogo wa Dar es Salaam. Yeye aliisoma mstari kwa mstari na kunilazimisha niandike upya karibu nusu yake. Kitabu hakijamaliza hata miezi miwili, nikaalikwa kwenye tamasha la vitabu katika hoteli moja kando ya ziwa. Nilishona gauni jipya. Nikamwambia mama avae kitenge chake kizuri tuende wote.

Mlangoni tukapewa ratiba. Nikaona jina langu, na juu yake jina la yule mzee. Mazungumzo yetu yalikuwa yamepewa kichwa: Mlezi na Mwanafunzi Wake.

Nikamtafuta mratibu, kijana mmoja mwenye kitambulisho kikubwa shingoni. "Nani alisema mimi ni mwanafunzi wake?"

"Mzee mwenyewe ndiye aliyependekeza," akajibu bila kuinua macho kwenye simu. "Dada, hiyo ni heshima kwako. Wengine wanaililia."

Ningeondoka wakati ule. Lakini mama alikuwa ameshakaa mstari wa mbele, amepakata mkoba, anawaonyesha jirani zake kitabu chenye picha yangu nyuma.

Mzee alianza vizuri. Akasifia ziwa, akasifia waandaaji, kisha akaniwekea mkono begani. "Huyu alikuja kwangu hajui chochote," akasema. "Kiswahili chake kilikuwa Kisukuma kitupu, herufi za ere na ele hazijui mipaka. Nikakaa naye. Nikamfuta, nikamwandika upya. Kitabu hiki, nasema bila kujisifu, nusu yake ni jasho langu."

Watu wakacheka, wakapiga makofi. Mwendeshaji, mwanamke wa redio mwenye sauti tamu, akanigeukia. "Hebu tuambie, ulijisikiaje kulelewa na gwiji kama huyu?"

Mkono wa mzee ulikuwa bado begani kwangu. Nikautoa.

"Mzee," nikasema, "naomba uwaambie wasikilizaji, mkunga wangu anaishiaje?"

Akatabasamu. "Tusiwaharibie utamu wanunuzi."

"Waambie tu. Si nusu ni yako?"

Akakohoa, akanywa maji. "Anaolewa," akasema hatimaye. "Na yule daktari."

"Hakuna daktari kwenye kitabu changu," nikasema. "Hakuna hata harusi. Anafukuzwa kazi anarudi kwao kulima mihogo. Hukukisoma kilipokuwa mswada, na hukukisoma leo. Ulikiwekea kikombe cha chai."

Kule nyuma watu kama watatu waliangua kicheko. Nadhani ndio peke yao waliokuwa wamekisoma. Wengine wote walinuna. Mwanamume mmoja wa makamo akasimama na kuninyooshea kidole. "Binti, huyo ni sawa na baba yako! Omba radhi hapohapo!" Makofi aliyopigiwa yalizidi yote ya siku ile. Mwendeshaji akanitoa kipaza sauti mkononi, taratibu, kama unavyomnyang'anya mtoto kisu. Jina langu likafutwa kwenye kipindi cha kusaini vitabu. Hakuna aliyeniambia, nilikuta tu meza yangu imewekewa maua na chupa za maji.

Tulipofika nyumbani, mama aliweka mkoba wake mezani. "Umemvua mzee nguo mbele za watu," akasema. "Kesho utakwenda kumwomba msamaha."

"Mama, amedanganya."

"Nimesikia. Utakwenda."

Nilikwenda. Nilimkuta kwenye baraza ya hoteli ileile ya tamasha, anakula sato kwa mkono, peke yake. Alinitazama bila hasira, na hilo likaniudhi zaidi.

"Umekuja kuomba radhi?"

"Nimetumwa kuomba radhi. Nimekuja kukuuliza kwa nini."

Akachambua mwiba, akauweka ukingoni mwa sahani. "Nina miaka kumi na tisa sijaandika kitabu," alisema. "Hawa wananiita kwa sababu ya wale niliowalea. Nikisema sijamlea mtu, nitakuja hapa kufanya nini?"

"Ungesoma basi. Ulezi ungekuwa wa kweli."

"Macho hayaoni tena, binti."

Sikujua kama huo nao ulikuwa uongo. Kwa kitambo nilimhurumia, kisha nikakumbuka alivyonidhihaki kwa ere na ele mbele ya mama yangu, mama ambaye husema "kurara" hadi leo. Nikaaga, nikaondoka. Msamaha sikuomba.

Mtu alikuwa amenirekodi. Video ikazunguka wiki nzima, na shule mbili zilizokuwa zimenialika zikaghairi. Mchapishaji akanipigia: "Umenifurahisha sana, ila usimwambie mtu nimesema hivyo."

Video hiyohiyo ilimfikia mkunga mmoja mstaafu wa Sengerema. Akanunua kitabu, akanipigia simu, akaniamuru nivuke ziwa niende kwake. Nilipanda kivuko nikidhani ninakwenda kusifiwa. Aliniketisha kwenye kigoda, akafungua kitabu ambamo alikuwa amekunja kona za kurasa nyingi kuliko alizoziacha.

"Hapa mama anatoka damu, na mkunga wako ameshika dirisha anawaza mambo yake. Mkunga gani huyo? Umewahi kuingia leba wewe?"

"Nilitaka kuonyesha uchovu wake."

"Uchovu hauonyeshwi hivyo. Umetutukana."

Nikabisha. Akanikatiza. Nikabisha tena, akaanza kunionyesha kwa mikono yake mwenyewe, pale kwenye mkeka, mahali mkunga anaposhika na anachokitazama, na jinsi mgongo unavyouma huku macho hayatoki kwa mama. Nilimchukia kwa muda wa kama robo saa. Kisha nikaomba kalamu.

Ukurasa ule nimeuandika upya mara sita, kwa ajili ya toleo lijalo. Tamasha halijanialika tena, na yule mzee bado sijamsamehe.