Mshenga aliwaambia wakwe nafanya kazi ya dawa za panya

Salaam wakuu. Wale wa kusema kila stori humu ni chai, leo mtanisamehe. Hii imenitokea mwenyewe na bado sijakaa sawa.

Niko maabara moja ya utafiti, jina naliacha. Tunawapa panya weupe dawa zile zinazomfanya mtu aone visivyokuwepo, kisha tunaangalia tabia zao zinabadilikaje.

Panya hawezi kukueleza kaona nini. Ila dawa ikimkolea anatikisa kichwa haraka haraka, kama mtu aliyeingiwa na maji sikioni. Mimi nahesabu katikisa mara ngapi.

Ndiyo, nimesoma hadi chuo kikuu. Tuendelee.

Juzi kati nilipanda treni kwenda Tabora kujitambulisha kwa kina Zuhura, mchumba wangu, pale Gongoni. Mshenga wangu alishatangulia. Ili asijichoshe na maelezo, akawaambia kijana anafanya kazi ya dawa za panya.

Baba yake Zuhura ana stoo ya mpunga na karanga. Wakuu, sijawahi kupokelewa vile. Shikamoo yangu haijaitikiwa vizuri, tayari naonyeshwa matobo ya panya.

Mzee akauliza tunatumia ya unga au ya maji. Nikasema ya sindano.

Akafikiri kidogo, akauliza panya hamjamkamata mnamdungaje. Nikasema hatuwakamati, tunawafuga. Tunawalisha na kuwabadilishia maranda ya kulalia.

Mshenga akaanza kukohoa.

Ikabidi nieleze yote mbele ya ukoo, pilau ikiwa imeshapakuliwa. Shangazi yake Zuhura akauliza kama wazazi wangu wanajua ninachofanya. Nikasema wanajua. Akasema wape pole.

Watu wakacheka. Mzee hakucheka.

"Hao panya wako," akasema, "wakishaona hayo ya kuona, huwa wanarudi?"

Mwanzoni sikuelewa. Ndipo akanieleza habari za Idi, kaka yake Zuhura. Alienda Dar akaanza kutumia vitu, ndugu wakamrudisha nyumbani. Sasa anashinda uani akiongea na ukuta. Mimi Zuhura aliniambia kaka anaumwa, basi.

Wakuu, nilitamani kudanganya. Neno moja tu la matumaini na ningeondoka na mke na baraka juu. Tena nilimwonea huruma mzee.

"Panya wanarudi, mzee. Baada ya muda wanakula kama kawaida. Mtu, sijui."

Nikajua posa imekufia pale.

"Waganga wote niliowaleta hapa walikuwa wanajua," akasema. Kisha akamgeukia mshenga, akamwambia alete maneno yake.

Posa imepokelewa.

Nilichojifunza: mshenga aelezwe kazi yako taratibu, tena arudie uone kama kaelewa. Na kama hujui, sema hujui, hata kama unaona mke anakuponyoka.

Ila siku ya kuondoka mzee alinisindikiza hadi stesheni, na njiani akaniuliza lile swali tena, kwa maneno mengine. Nikamwambia nitauliza watu.

Kwa hiyo mkishacheka, naomba kitu. Mwenye ndugu aliyefika huko na akarudi, aandike hapa ilikuwaje. Nimemwahidi mzee nitampigia simu nimsomee.