Kungwi Aliyenifunda Anataka Nipige Magoti Nikane Usonji Wangu

Admin, nifichie jina na picha, maana huku kwetu habari hupanda mlima kutoka Masasi hadi Newala kabla hata bodaboda haijawashwa.

Mimi ni mwanamke wa miaka thelathini na sita, mwalimu wa sekondari, naishi Masasi ila kwetu ni Mkunya, kule Newala. Nina mume na binti mmoja wa miaka kumi na mbili, hapa nitamwita Zai. Naongea sana, nacheka kwa sauti, na kipindi changu hakuna mwanafunzi anayesinzia. Na nina usonji. Najua mmeshaanza kucheka. Chekeni mmalize, kisha tuendelee.

Mwaka jana nilimpeleka Zai hospitali kwa sababu kengele ya shule ikilia anaziba masikio na kutetemeka, na akikwazika anaweza kumaliza siku nzima bila kusema neno. Daktari ananiuliza kuhusu mtoto, mimi kila swali najibu, "Hilo la kawaida, dokta, hata mimi niko hivyo." Mwishowe akaweka kalamu chini. "Mama, wewe unajuaje kama mtu unayeongea naye amekuchoka?"

Nikamjibu kirahisi kabisa. Akiangalia mlango mara mbili, nyamaza. Mkubwa ukimsalimia, goti chini, macho kwenye mikono yake, usiinuke mpaka aitikie marahaba. Msibani kaa mkekani na wenzio, wakilia inamisha kichwa, usiulize marehemu alikuwa anaumwa nini. Wenzio wakicheka, cheka, ila usiwe wa mwisho kuacha. Nilimtiririshia yote. Akauliza nimeyatoa wapi.

"Unyagoni," nikasema. "Si ndiko kila mwanamke anakoyatoa?"

Akaniambia taratibu kwamba wenzangu walipokuwa wanafundwa, mengi walikuwa wanakumbushwa tu, walishayaona wenyewe tangu utotoni. Mimi niliyakariri kama hesabu za kuzidisha. Nilimdharau yule daktari kwa moyo wangu wote. Nilijiambia, huyu kijana wa mjini unyago anaujulia wapi?

Lakini kesho yake ofisini niliwauliza walimu wawili wanawake, wote wamechezwa unyago huku huku: nyie huwa mnahesabu mtu ameangalia mlango mara ngapi? Wakatazamana. Mmoja akasema, "Kuhesabu? Si unaona tu?" Nilikwenda chooni nikalia. Miaka yote hiyo nilidhani sote tunahesabu, ila wenzangu wana bidii kunishinda. Nikarudi kwa daktari mara kadhaa mpaka akatuandikia kwamba tuna usonji wote wawili, mama na mtoto. Tangu siku hiyo nimeacha kujiita mjinga, na kwa hilo simuombi mtu ruhusa.

Sasa sikilizeni vichekesho. Shemeji yangu, mtu ambaye hajawahi kumaliza kusoma hata maelezo ya dawa ya kikohozi, akanifundisha usonji kwa video aliyoiona kwenye simu. "Wenye usonji hawaongei, shemeji. Halafu wewe mbona umeolewa?" Kumbe ndoa nayo ni kipimo cha hospitali! Jirani akasema natafuta uhamisho wa kazi kwa cheti cha daktari. Mume wangu akaninong'oneza, "Mama Zai, mimi nakuamini, ila usiseme mbele za watu." Huyo naye kwa kweli nilimdharau kidogo, Mungu anisamehe.

Ila aliyenifikisha hapa ni shangazi wa mume wangu. Yeye ni kungwi, na ndiye aliyenifunda mimi hata kabla sijaolewa kwao. Desemba hii Zai anatakiwa kuwekwa ndani kwa unyago na wasichana wenzake, na yeye mwenyewe anataka, amekuwa akihesabu wiki. Nikapanda Mkunya kumuomba shangazi mambo mawili: ngoma zisipigwe karibu na masikio ya mtoto, na akinyamaza wasimwite mwenye kiburi. Nikapiga goti, nikaamkia, nikaeleza yote, la Zai na la kwangu.

Akacheka mpaka akashika mbavu. "Wewe? Mwanangu, wewe nilikutoa nje umeshafundwa, kijiji kizima kikashangilia. Katika wote niliowafunda hakuna aliyeshika kama wewe, neno kwa neno! Usonji umepitia wapi?"

"Shangazi, ndiyo maana nilishika neno kwa neno."

Kicheko kikakatika. "Kwa hiyo unatangaza kwamba mimi nilimtoa nje mgonjwa?"

Hapo nikamjua. Hakuwa na shida na masikio ya Zai wala kichwa changu, shida yake ni sifa zake. Mwanamke ninayemheshimu tangu nikiwa msichana, kumbe ni mdogo hivi! Akanipa sharti: Jumamosi, mbele ya wanawake wote wa ngoma, nipige magoti niseme daktari alikosea. Nisipofanya hivyo, hatamfunda Zai, na makungwi wengine wa pale ni wanafunzi wake, hakuna atakayethubutu. Na nikisema daktari alikosea, Zai ataingia ndani bila mtu kujua kwa nini anaziba masikio, na najua anayeitwa mwenye kiburi anavyoadhibiwa mle.

Kupiga magoti kwangu si kazi, nimepiga maisha yangu yote. Nilikuwa nimeshaamua kudanganya. Jana nikamweleza Zai, nikamwambia ni maneno tu ya kumridhisha bibi. Akaacha kula.

"Mama, ukisema daktari alikosea kwako, kwangu je, nako alikosea?"

Nikamwambia ale kwanza. Mimi mwenye jibu la kila kitu.

Jumamosi ni keshokutwa. Wenye kuniambia "mbona umeandika vizuri tu" wapite kimya. Nyie wengine, hasa kinamama mliochezwa, nawauliza: nikane ili mwanangu achezwe na wenzake, au nikatae abaki peke yake nje ya ngoma aliyoisubiri mwaka mzima? Nishaurini, nifanye nini?