Nesi Aliyekataa Kuandika "Ameanguka"

Velma Nekesa alikuwa nesi wa jela kwa miaka saba, katika kaunti moja ya ughaibuni, pembeni mwa jiji la Saint Paul, ambayo sitaitaja. Damu haikumtisha. Mwaka wa 2008, wakati wa ghasia za baada ya uchaguzi, akiwa mwanafunzi wa unesi huko nyumbani Kenya, alishona watu waliokatwa mapanga mpaka nyuzi zikaisha.

Jumanne moja ya Februari, saa nne asubuhi, alikuwa akigawa dawa aliposikia kishindo cha mwili kugonga ukuta. Akaacha kigari cha dawa koridoni, akakimbia. Seli ya kumi na moja ilikuwa wazi. Maofisa watatu walikuwa wamemfunga mtu kwa mikanda kwenye kiti cha chuma, mikono na miguu, na mmoja wao alikuwa akimpiga ngumi za mbavu, polepole, kama anayetwanga. Mdomo wa yule mtu ulikuwa umepasuka. Jino lake moja lilikuwa limenasa kwenye ndevu.

Alikuwa Mkongo, Thaddée, dereva wa lori aliyekamatwa kwa kukosa kufika kortini juu ya kesi ya leseni. Kosa lake la asubuhi hiyo lilikuwa kugonga mlango akitaka kumpigia mkewe simu.

"Mama," alisema alipomwona Velma, "banataka kuniua."

"Mwacheni nimpime," Velma akawaambia.

"Hajatulia bado," ofisa akajibu, akarusha ngumi nyingine. Velma akajitia katikati. Kiwiko kikampata shavuni, macho yakaingia giza, lakini hakutoka. Aliweka mkono kwenye tumbo la Thaddée, akalikuta gumu kama ubao. Presha ilikuwa ikishuka. Mtu huyu alikuwa akivuja damu ndani. Velma akachukua redio, akaita ambulensi.

Kapteni Halvorsen, mkuu wa zamu, akafika mbio. "Nani ameita ambulensi?"

"Mimi."

"Irudishe. Mtu huyu ameanguka kutoka kitandani. Andika hivyo, arudi kulala."

"Amefungwa kwenye kiti, Kapteni. Ameangukaje?"

"Ni amri, Velma."

"Nimeisikia."

Hakuirudisha ambulensi. Hospitalini walimtoa Thaddée bandama iliyopasuka, na daktari wa upasuaji akasema angechelewa nusu saa tu, angekufa.

Kesho yake Velma alikuta ripoti imeshapigwa chapa, jina lake chini, ikingoja saini. Ameanguka kitandani. Kapteni akampa mpaka Ijumaa.

Nyumbani Inver Grove Heights, mumewe Muriuki alimkanda shavu kwa barafu iliyofungwa kwenye taulo. Muriuki alikuwa dereva wa basi, mtu asiyependa haraka.

"Usisaini," alisema. "Lakini usijiuzulu pia, Mama Joan. Waache wakufukuze wenyewe. Ukitoka kwa hiari yako, atakayefungwa kwenye kile kiti kesho ataona uso wa nani?"

"Nikibaki watanipa nyingine nisaini."

"Kataa hiyo nyingine."

Velma aliliondoa taulo shavuni. Kisha akamwambia jambo ambalo hakuwahi kumwambia katika miaka kumi na minne ya ndoa. Mwaka ule wa mapanga, mkubwa wao wodini aliwaagiza waandike "ajali" kwenye rejista, ili wakubwa wasiulizwe maswali. Velma aliandika. Watu kumi na tisa, mmoja shoka likiwa bado limenasa begani mwake.

"Siwezi kukaa mahali ambapo nitaanza tena," alisema.

Ijumaa hakwenda kazini. Alikwenda kwenye kikao cha wazi cha madiwani wa kaunti, akasoma barua yake ya kujiuzulu mbele yao: majina, saa, idadi ya ngumi alizoziona. Kabla hajamaliza, maofisa wawili waliolinda ukumbi walimshika mikono kumtoa. Mmoja alimpinda kidole mpaka kikavunjika. Aliendelea kusoma hadi mlangoni.

Gazeti liliandika siku mbili. Kapteni alibaki.

Mwezi wa Aprili, Alice, nesi mdogo aliyefundishwa kazi na Velma, alimwita mkahawani, mtaa wa Cedar-Riverside. Chai yake ilipoa bila kuguswa.

"Dada Velma, wamempiga mwingine. Anaitwa Mugabo. Walimbamiza kichwa kwenye choo cha chuma mpaka fuvu likaingia ndani. Nikasaini ameanguka. Amekufa jana." Akafuta pua kwa kiganja. "Ungekuwepo ungesimama katikati. Mimi niliogopa."

Velma alitamani kumzaba kofi. Alihisi kabisa mkono ukinyanyuka. Akaushika kwa ule mwingine.

"Umesaini ngapi?"

"Moja."

"Mimi niliwahi kuandika kumi na tisa. Inuka, twende."

Walikwenda mchana uleule kwa wakili wa Thaddée. Alice alieleza yote, na kwa ajili hiyo akafungiwa leseni ya unesi mwaka mzima. Wawili kati ya wale maofisa watatu walishtakiwa kwa kuua. Wa tatu alihamishiwa kaunti nyingine. Kapteni Halvorsen alistaafu, na hakuna aliyemuuliza kitu.

Siku Velma alipotoa ushahidi, mjane wa Mugabo, Générose, alimfuata kwenye korido ya mahakama.

"Wewe ndiye nesi?"

"Ndimi."

"Siku ile ulikuwa wapi?"

"Nilikuwa nimeacha kazi. Niliacha kwa sababu ya mambo hayohayo."

Générose alimtazama kidole kilichopona vibaya, kisha usoni. "Walijua umeondoka," alisema, akarudi ndani kuketi.

Velma sasa anafanya kazi kwenye nyumba ya wazee. Muriuki angali anasema alipaswa kubaki. Velma habishani tena. Humwambia tu kwamba asingeweza.