Chura wa Bweri na Chura wa Mugeta

Chura ananitia kichefuchefu. Pale Bweri ninapopanga, mvua ikinyesha, wale wadogo wenye madoa hutaga kwenye dimbwi la maji ya kufulia, kisha haoo, wanaondoka zao. Jua likirudi, watoto wao wanakaukia kwenye tope na kunuka. Huwa nawafagia nimeziba pua, huku nikiwatukana wazazi wao.

Mwaka huu nilipata kazi ya kupika machimboni Buhemba, nikampeleka binti yangu kwa baba yangu, Mugeta, akae huko amalizie darasa la saba. Baba alimtazama mjukuu wake juu mpaka chini, akasema, "Huyu ameshakua." Nikadhani ni furaha ya babu.

Jioni alitupeleka kwenye dimbwi karibu na zizi, atuonyeshe chura wake. Yule na wa Bweri ni ndugu kabisa, ila huyu anajaa sahani, mgongo wa kijani, na koo la njano linalotikisika kama jipu lililoiva. Viluwiluwi vyeusi vilimzunguka. Ndama aliposogea kunywa maji, chura alimrukia akamng'ata pua, ndama akatimua mbio.

"Umeona baba huyo?" alisema baba kwa fahari. "Watoto wake hawaguswagi na mtu."

Nilikubali moyoni kwamba huyu anawashinda wale wa Bweri kwa mbali. Mara akageuka, akafungua domo lake pana, akavimeza viluwiluwi vyake mwenyewe, macho yakizama kichwani kila anapomeza. Nilirudi nyuma hatua mbili.

Baba alicheka. "Anachukuaga wachache tu, mama. Wengine si anawalinda?"

Nikamkumbuka dada yangu. Baba alimlinda kwa fimbo, hakuna kijana aliyethubutu kusimama naye njiani. Kisha, kabla hajamaliza shule, akamwoza kwa mzee, na ng'ombe wakaingia kwenye zizi hilo hilo. Maziwa yao ndiyo yaliyonisomesha mimi.

"Halafu kuna mtu ameshaniulizia huyu mtoto," baba akaongeza, bado anamtazama chura wake.

Begi la binti yangu lilikuwa halijafunguliwa. Nililibeba mwenyewe. Kazi ya Buhemba ikawa imeishia hapo.

Juu ya bodaboda, akiwa amebanwa kati yangu na dereva, binti yangu aliniuliza tunarudi Bweri kufanya nini.

"Kufagia vyura," nilimjibu.